Neno la Kifaransa kwenye Tangazo la Nasimiyu

"Ondoa hilo neno," Damaris alisema.

Njenga aliinua macho kutoka kwenye simu. "Lipi, Mama Nasi?"

"La Kifaransa."

"Yako matatu."

"Basi ondoa yote matatu."

Walikuwa chumbani kwa Damaris, mtaa wa Najma, juu ya duka la kutengeneza simu. Vitanda vitatu, jokofu moja, na pazia lililoshonwa kutokana na shuka kuukuu la hoteli. Mumbua, mwenye kitanda cha dirishani, alikuwa jikoni akichemsha chai ambayo hakuna mtu angeinywa. Ilikuwa Ijumaa mchana. Jumatano iliyopita Nasimiyu, mtoto pekee wa Damaris, alikufa hospitalini hapa hapa Doha, na Wakenya wa mji mzima walikuwa wakitazama simu zao wakingoja tangazo la kifo, ili wajue maombi yatakuwa wapi na mwili utasafiri lini.

Kuandika matangazo ilikuwa kazi ya Njenga, katibu wa chama cha Wakenya. Riziki yake ilikuwa teksi, lakini kwao Limuru aliwahi kuwa MC wa harusi, na Kiingereza chake hakikuvua suti tangu siku hizo. Kwa Njenga watu hawakuja kwa pamoja, walikuja en masse. Yeye mwenyewe hakuwa njiani hata siku moja, alikuwa en route. Na tangazo la kifo, kama yalivyo matangazo ya kwao yote, lazima litiwe née na lazima litiwe cortège, hata kama marehemu aliuza mboga maisha yake yote na hakuwa na habari na Wafaransa.

"Hii née ni ya nini?" Damaris aliuliza.

"Huwekwa kabla ya jina la baba, Mama. Kuonyesha alikozaliwa."

"Kwa mwanamke aliyeolewa. Nimesoma, Njenga, usinifundishe. Mwanangu aliolewa na nani?"

"Ni ya kupendezesha tu."

"Hakuna cha kupendezesha hapa. Na hii cortège?"

"Msafara wa mazishi."

"Msafara gani? Kutoka mochari mpaka uwanja wa ndege ni gari moja lenye sanduku moja. Andika gari."

Njenga alifuta, akajikuna shingo. "Sasa tangazo limebaki kama la mbuzi aliyepotea."

Mumbua, aliyekuwa akiingia na birika, alimtupia jicho kali. Njenga akainamisha kichwa. Lakini Damaris hakukasirika. Tangu Jumatano kila mtu alimsemesha kwa kunong'ona kana kwamba ni yeye aliyelala, na mtu mmoja kusema upuuzi kwa sauti ya kawaida ilikuwa kama kufunguliwa dirisha.

"Na la tatu," alisema.

Neno la tatu lilikuwa mwisho wa majina ya jamaa, baada ya mama, baada ya wajomba na mashangazi wa Kimilili. Njenga alikuwa ameandika kwamba marehemu alikuwa fiancée wa Levis.

"Dada, hilo liache," Mumbua alisema polepole.

"Nimesema yote matatu."

"Lakini watu wote wanajua walikuwa..."

"Walikuwa nini? Kuna mzee wake aliyekanyaga kwetu? Kuna chai iliyonywewa? Kuna mjomba wangu aliyeulizwa?" Damaris alizikunja nguo alizokuwa amekwisha kuzikunja. "Na hata tukiyaacha hayo. Nilipofika hospitali, mwanangu alikuwa peke yake. Levis ndiye aliyekuwa naye alipoanguka, Levis akapanda naye ambulensi, na Levis akatoweka. Alimwacha na wageni akakimbia. Mtu wa kukimbia hawekwi kwenye tangazo."

Njenga alifuta.

*

Damaris ndiye aliyemleta Nasimiyu Doha. Yeye mwenyewe alitangulia na diploma yake ya hoteli kutoka chuo kimoja cha Eldoret, akaanza kwa kufanya kazi nyumbani kwa familia moja ya hapa, akajifunza Kiarabu cha jikoni na cha sebuleni, kisha akapata kazi ya hoteli, akapanda mpaka kuwa msimamizi wa wasafishaji wa vyumba. Binti alipomaliza shule alimtafutia nafasi katika mgahawa wa hoteli nyingine, ile kazi ya kusimama mlangoni na kuwapokea wageni. Alikuwa mrefu, ana meno mazuri, na haogopi watu. Walimchukua siku hiyo hiyo.

Mgahawa ulikuwa wa Kifaransa, au ulijifanya. Mpishi alikuwa Mfilipino na wenye kula walikuwa watu wa kila taifa, lakini kila kitu kilikuwa na jina la Paris. Nasimiyu alikuwa akiyabeba majina hayo kuja nayo Najma siku zake za mapumziko, kama vile wenzake walivyobeba mikate iliyobaki.

"Supu ya siku, Mathe, inaitwa soup du jour."

"Na ya jana?"

"Ya jana wanapewa wafanyakazi. Haina jina."

Ugali na sukuma wiki ukaandaliwa à la carte. Kitanda cha dirishani cha Mumbua kikawa suite. Mumbua akichelewa kutoka bafuni aliambiwa amefanya faux pas, yaani kosa la adabu, naye akajibu kwamba alichofanya ni kuoga. Na kila alipofika, Nasimiyu hakubisha hodi kama watu. Alisukuma mlango, akasimama wima kizingitini na mikono nyuma kama anavyosimama kazini, akasema, "Bonsoir, madame. Meza ya wangapi?"

Hata kama ni saa nne ya asubuhi, ilikuwa bonsoir, habari za jioni. Na Damaris, ambaye hakuwa mtu wa michezo, alijibu kila mara: "Ya wawili, na usiniletee supu ya jana."

Alikuwa akicheka mpaka mbavu zinamuuma. Lakini hakuyaamini maneno hayo hata kidogo. Kazini kwake alikuwa ameona ya kutosha. Alijua kitambaa cheupe kinaweza kutandikwa juu ya meza yenye mguu uliovunjika, na mgeni akala, akashukuru, akaondoka. Maneno ya aina hiyo ni kitambaa. Mtu mwenye meza nzima hana haja nayo sana.

Ndipo siku moja Nasimiyu akamwita kwenye mkahawa mdogo wa mtaa wa Al Mansoura, wakakaa nje na vikombe vyao vya chai ya karak, na kijana akatokea. Alikuwa mlinzi wa jengo la maduka. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono imesimama. Alikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mathe, huyu ni Levis," Nasimiyu alisema, na uso wake wote ukawaka. "Fiancé wangu."

Damaris aliweka kikombe chini. "Niambie kwa Kiswahili."

"Si unajua maana yake?"

"Najua. Niambie kwa Kiswahili."

Nasimiyu alisita. "Mchumba."

"Mchumba ni mtu ambaye watu wake wamekuja kwetu, wameketi, wamesema wametoka wapi na wanataka nini. Wazee wake wamekuja lini? Nilikuwa nimelala?"

"Ndiyo sababu nasema fiancé, Mathe. Nikisema mchumba utamkataa."

"Kwa hiyo unajua ni uongo."

Levis alikuwa akitazama mikono yake. Alifungua mdomo. "Mama, mimi..."

Damaris alimgeukia, si kwa ukali, kwa sauti ile ya kuwapangia wafanyakazi ghorofa zao. "Wewe kijana, sina ugomvi na wewe. Lakini usinipigie simu, usinisimamishe njiani. Kwetu mtu anayetaka binti hasemi na mama yake. Hata kwenu naamini hasemi. Ukiwa na neno, tuma mzee. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Basi."

Alisema vile kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Kwa Wabukusu mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawali pamoja, hawasimami karibu. Na huyu hata mkwe hakuwa bado. Aliona amempa njia iliyonyooka. Kijana mwenye nia angeifuata.

Levis alipoondoka, Nasimiyu hakulia wala hakufoka. Alisogeza kiti chake karibu. "Mathe, hapa wazee tutawatoa wapi? Kuishi pamoja haturuhusiwi. Harusi mpaka turudi nyumbani, na likizo zetu hazilingani. Hatuna kitu kingine. Tuna hilo neno tu. Liseme mara moja, na wewe. Sema, huyu ni fiancé wa Nasimiyu. Sitakuomba kingine."

"Siwezi kudanganya kwa lugha nisiyoijua," Damaris alisema, akalipa chai.

Hawakukosana. Hilo ndilo watu hawakulielewa baadaye, walipodhani mama na binti walikuwa hawasemezani. Nasimiyu aliendelea kuja Najma siku zake za mapumziko. Alileta mikate. Aliuliza kuhusu mgongo wa mama yake. Ila sasa alibisha hodi mlangoni, akangoja aitikiwe. Alikula ugali, akauita ugali.

*

Maombi yalikuwa Jumamosi jioni kwa Akinyi, muuguzi, ambaye ana mume na watoto hapa na kwa hiyo ana sebule. Wanawake walikaa kwenye makochi na zuliani, wanaume wakasimama kando ya ukuta. Viatu vilijaa ukumbini mpaka kwenye ngazi. Waliimba, wakaomba. Kijana mmoja mwenye sauti nzuri alisoma Zaburi.

Akinyi alikuja akachuchumaa karibu na Damaris. "Mama Nasi, yule Levis yuko nje kwenye ngazi. Amekuwepo tangu tuanze. Aingie?"

"Akae huko."

"Anaonekana mgonjwa."

"Nilisema akae huko, Akinyi."

Watu walipoanza kutafuta viatu vyao, Mzee Omondi akaja. Si kwamba alikuwa mzee wa miaka mingi sana, lakini kati ya walinzi Wajaluo wa Doha, Levis akiwemo, hakuna aliyemtangulia, na nywele zake zilikuwa nyeupe. Alikuwa analinda makazi ya mabwana wakubwa West Bay. Ni yeye aliyempigia Damaris simu siku ile ya Jumatano, akisema tu, "Mama, kimbia hospitali, ni binti yako." Damaris hakuwa amejiuliza namba yake aliipata wapi. Siku ile hakujiuliza chochote.

"Mama Nasimiyu, nipe nafasi nikae," alisema.

"Kaa, Mzee."

Alikaa kwenye kiti cha mtoto, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, na magoti yake yakapanda juu. Ungecheka siku nyingine.

"Nimesikia unasema yule kijana alikimbia."

"Nilipofika hakuwepo."

"Hakuwepo. Alikuwa amesimama nami kwenye geti." Mzee Omondi alifuta uso kwa kiganja. "Mama, sisi tukiingia zamu tunakabidhi simu ofisini. Sheria ya pale. Alinipigia, haikushikwa. Kwa hiyo akachukua teksi kunifuata. Nilimwona akija kwa mbio juani, nikadhani amegombana na watu. Akaniambia, Nasimiyu ameanguka stesheni ya metro, kichwa kinamuuma vibaya, wamempeleka ndani. Nikamwuliza, sasa unafanya nini hapa? Kwa nini hukai naye?"

Damaris alikaza macho kwenye kiatu kimoja chekundu cha mtoto chini ya kochi.

"Akasema walimwuliza mlangoni, wewe ni nani kwake. Akawaambia fiancé. Wakamwambia hapana, ndugu tu, kalete ndugu. Basi akaja kutafuta ndugu."

"Angenipigia."

"Nilimwambia hivyo hivyo. Nilimtukana, Mama, Mungu anisamehe. Nikamwambia mjinga wewe, si una namba ya mama yake? Akanionyesha namba. Anayo. Akasema, 'Mzee, alisema nitume mzee.'"

Nje mtu alicheka kwenye ngazi kisha akanyamaza ghafla, kama aliyekumbuka yuko wapi.

"Akasema alikupigia Krismasi kukutakia heri, ukakata. Na Nasimiyu mwenyewe, akiwa kwenye machela, alimwambia, 'Usimpigie Mathe wewe, atakata. Mwambie Mzee Omondi ampigie.' Simu yake msichana ilipasuka alipoanguka. Kwa hiyo kijana akafanya alivyoambiwa. Nikakimbia ofisini, nikaomba simu yangu, nikakupigia."

Damaris alikuwa na mapumziko Jumatano. Alikuwa amelala kitandani, simu kifuani, imejaa chaji, akitazama kwaya ya kanisa la kwao. Kutoka Najma mpaka ile hospitali ni safari ambayo dereva wa teksi hamalizi hata kukuuliza unatoka nchi gani.

"Mzee," alisema. "Alipomwacha, Nasimiyu alikuwa akiongea?"

Mzee Omondi alikuwa mtu mkweli, na ilionekana kwamba siku hiyo angependa kuwa mtu mwingine.

"Alikuwa akiongea, Mama."

Muuguzi wa hospitali alimwambia hivyo pia, lakini Damaris hakutaka kumsikia. Alimwambia msichana alimwita mama yake kwa muda mrefu kabla ya kulala usingizi ule ambao hakuamka. Mshipa wa damu ulipasuka kichwani, walisema madaktari, na hakuna ambaye angefanya lolote. Pengine ni kweli. Lakini kushika mkono si matibabu. Huhitaji daktari kukuruhusu kushika mkono.

Aliinuka, akaenda jikoni kwa Akinyi, akaosha vikombe. Aliviosha vyote. Akakiosha kimoja tena, na tena, mpaka Akinyi akaja akafunga bomba, akakitoa mkononi mwake bila kusema neno.

Aliporudi sebuleni alisimama mbele ya Mzee Omondi. Ngazi zilikuwa hatua chache kutoka pale, na mlango ulikuwa wazi, na Levis angeweza kusikia kila neno. Bado alimwambia mzee.

"Mwambie kijana wako aje mochari kesho asubuhi. Tukimaliza kumvalisha, aingie amwone kabla sanduku halijafungwa."

"Nitamwambia, Mama."

"Njenga!"

Njenga alitokea na kiatu kimoja mguuni.

"Rudisha neno."

"Tangazo lilishaenda, Mama. Limesambaa mpaka Nairobi."

"Litume tena."

"Nirudishe yote matatu?"

"Moja."

Hakusema lipi. Hakuweza. Alinyoosha kidole kwenye simu ya Njenga, mwisho kabisa, baada ya wajomba na mashangazi, na Njenga akaelewa.

*

Yeye na Mumbua walimvalisha. Gauni la manjano alilokuwa akivaa kanisani, skafu ya kufunika pale madaktari waliponyoa, na viatu vya kazi, kwa sababu vingine vyote vilikuwa vya kisigino na Damaris alikumbuka jinsi alivyolalamika miguu. Damaris alifanya kazi kama anavyotandika kitanda, akivuta, akinyoosha, akiangalia pembe. Mumbua ndiye aliyelia. Walipomaliza, Damaris alimpangusa binti yake kipaji cha uso kwa ncha ya leso yake, akamwambia kwa Kibukusu jambo ambalo ni lao wawili, wakatoka.

Levis alikuwa amesimama mwisho wa ukumbi na Mzee Omondi. Shati lilikuwa limepigwa pasi. Mikunjo ya mikono ilikuwa imesimama vile vile. Alikuwa amepungua shingo. Alipomwona Damaris alitazama chini, akasogea ukutani kumpa nafasi yote.

Mhudumu alikuwa mwanamume wa makamo mwenye glavu na miwani, Mwarabu wa nchi gani Damaris hakujua, mpole lakini mwenye haraka. Gari la mizigo lilikuwa nyuma, injini inanguruma.

"Khalas, madam? Tufunge?"

"Bado. Kuna mmoja ataingia." Alisema kwa Kiarabu chake cha jikoni.

"Nani?" Mhudumu alimtazama Levis juu ya miwani. "Huyu ni nani? Ndani ni familia tu."

Kilichobaki kilikuwa ni kujibu tu. Mzee Omondi alikuwa akingoja, Mumbua alikuwa akingoja. Damaris aliufungua mdomo, na neno aliloombwa kulisema mara moja tu, kwenye meza ya karak, likatoka.

"Fiancé," alisema.

Lilitoka vibaya, kwa ulimi wa Kimilili, limevunjika katikati. Lilikuwa jepesi. Alikuwa amelikataa kama jambo zito, na sasa alipolisema halikuwa na uzito wowote mdomoni.

Mhudumu alitikisa kichwa, bila ubaya. "Fiancé, la. Mume, sawa. Kaka, sawa. Fiancé si familia, madam. Pole."

Levis hakubisha. Alishaambiwa hivyo na mwingine, kwenye mlango mwingine. Alirudi nyuma hatua moja, na ni kule kurudi nyuma, kwa adabu ile ile ya mtu aliyezoea kuambiwa angoje, ndiko kulikompasua Damaris kuliko yote aliyoyaona tangu Jumatano. Walikuwa na neno moja tu, Nasimiyu alisema. Halikuwafungulia hospitali. Halikuwafungulia hapa. Na kabla ya hapo halikuwafungulia kwa mama.

Damaris alikuwa mwanamke ambaye wafanyakazi wenzake walimwogopa kwa sababu hakuweza kuandika kwamba chumba kimesafishwa ikiwa hakijasafishwa. Alimtazama mhudumu machoni.

"Zojha," alisema. "Ni mume wake."

Mzee Omondi aliguna kidogo kooni.

Mhudumu hakuuliza cheti. Labda alikuwa na mabinti. Labda ni lile gari lililokuwa likingoja. Alishika kitasa, akafungua. "Yalla. Haraka."

Na hapo, katika ukumbi unaonuka dawa, bila mjomba, bila chai, bila mzee yeyote ila mlinzi mmoja aliyeomba ruhusa ya saa chache, Damaris alikuwa amemwoza binti yake. Alilijua hilo wakati neno bado liko hewani. Na aliyejua kwamba amemwoza binti alijua pia yaliyofuata. Mhudumu alimpungia mkono na yeye aingie tena, kuna nafasi, lakini alikataa kwa kichwa. Mama mkwe hasimami chumba kimoja na mkwe wake. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akainamisha uso, akajifunga leso vizuri kifuani. Levis akapita upande wa pili, ameinama, akikwepa hata kivuli chake, kama kijana aliyelelewa vizuri anavyompita mama wa mke wake.

Mlango ulirudi nyuma yake lakini haukushika. Ulibaki wazi upana wa kidole.

Mumbua alimshika Damaris mkono. Kisha kutoka ndani ikaja sauti ya Levis, ya chini, inayojikaza, akimwigiza mtu ambaye yeye na Damaris walimjua.

"Bonsoir, madame," alisema. "Meza ya wangapi?"

Damaris alilijua jibu. Lilimpanda mpaka kwenye meno. Lakini hakuulizwa yeye. Alikaza mdomo, akatazama sakafu, akangoja pamoja na Levis mtu ajibu.